Kambi ya Bata Mvivu: Zamu ya Ijumaa

Tulipoachana, mlango wa chumba cha mikutano ulikuwa unafunguka nyuma ya mgongo wa Maren, na Maren hakujua ni nani anayeingia. Sasa umefunguka, na aliyeingia ni Gorm.

Gorm, mume wake wa zamani. Gorm yule yule aliyehamisha nguo zake na baiskeli yake miaka miwili iliyopita akaenda kuishi na Vibeke, shoga wa Maren wa kufa na kuzikana. Tena hakuingia mikono mitupu. Begani alikuwa na mfuko mrefu wa turubai la kijani, na Maren aliutambua mfuko kabla hajautazama uso wa aliyeubeba.

Lilikuwa hema lake.

"Hilo umelitoa wapi?" akauliza.

"Stoo kwako," Gorm akasema, akalitua sakafuni mpaka vikombe vya kahawa vikatikisika mezani. "Ufunguo ninao bado. Hukuuomba."

Watu kumi waliokuwa wamekaa kuzunguka meza waliinamisha macho kwenye keki zao za mdalasini. Ilikuwa Jumapili ya Machi, saa kumi na moja ya jioni, chini ya jengo anamoishi Vibeke mjini Odense, na ulikuwa ni mkutano mkuu wa mwaka wa Kambi ya Bata Mvivu. Kwetu watu watatu wakikutana mara mbili tayari wana mwenyekiti, katibu na katiba. Kambi hii ilikuwa na watu kumi na mmoja, na kazi yao ilikuwa moja tu: kwenda kwenye tamasha la muziki la Julai, siku nane, kwa gharama ndogo kuliko watu wote.

Na walikuwa mabingwa. Tiketi ya treni ya kikundi walinunua mapema, ikiwa bado bei ya kutupa. Walibeba mkate wao mweusi na makopo ya samaki, na kopo tupu la bia hawakuliacha chini, walilirudisha dukani wakarudishiwa amana yake. Siri yao kubwa lakini ilikuwa zamu. Klabu moja ya michezo iliendesha banda la soseji ndani ya tamasha, na aliyefanya zamu nne za saa nane nane kwenye banda hilo aliingia bure. Mwaka jana klabu iliwapa nafasi saba. Mwaka huu iliwapa sita.

Wenye mishahara mizuri walijinunulia tiketi zao wala hawakujali. Maren alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Bei ya tiketi ile ilikuwa zaidi ya nusu ya kodi ya nyumba yake, na kwake kukosa zamu kulikuwa kukosa kwenda. Kwenye talaka waligawana sahani, vijiko, hata picha za harusi. Kambi peke yake ndiyo iliyobaki nzima. Aliianzisha yeye, miaka kumi na mitano iliyopita, na hao waliokaa pale ndio marafiki aliokuwa nao duniani.

Dakika kumi kabla Gorm hajaingia, Vibeke alikuwa amesoma orodha ya watu sita wa zamu. Jina la Maren halikuwemo. Lilikuwemo la Gorm.

"Hema nalichukua narudi nalo kwangu," Maren akasema.

Vibeke akavaa miwani yake taratibu. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele fupi zilizochanwa zikakubali, na tangu achaguliwe mwenyekiti alikuwa anatembea na katiba ya kambi ndani ya jalada la plastiki, kama mtu anayetembea na dawa ya pumu.

"Kifungu cha saba," akasema. "Kitu chochote ambacho kambi imekilalia majira matatu ya kiangazi ni mali ya kambi. Hema hili tumelilalia kumi na manne. Umeona, bibie?"

"Nani kaandika upuuzi huo?"

Vibeke akageuza jalada ili kila mtu aone. Mwandiko ulikuwa wa duara, wino wa zambarau. Ulikuwa mwandiko wa Maren. Aliuandika mwenyewe wakati anapenda watu wote na hana habari kwamba atakuja kuachwa.

Akakaa. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Gorm alikuwa anatabasamu.

Jytte, mkutubi mstaafu aliyechaguliwa kuongoza kikao, akagonga meza kwa kijiko na kuuliza kama kuna mwingine anayetaka kusema juu ya orodha. Jytte hakuwa na upande. Angeweza kuongoza kikao cha watu wanaokatana mapanga, mradi wanyooshe mikono kwanza.

Maren akanyoosha mkono. Akawakumbusha kwamba hajawahi kukosa tamasha hata mwaka mmoja, kwamba mwaka jana alifanya zamu zake zote, kwamba amevumilia majira mawili kupika uji wa asubuhi kwenye sufuria moja na mtu aliyemchukulia mume na hakufungua mdomo. Hapo chumba kizima kikakohoa.

"Hayo mambo ya nyumbani kwenu," Vibeke akasema. "Gorm amepoteza kazi. Yeye ni mwenzi wa mwenyekiti. Tukimwacha, na mimi siendi, na nisipokwenda nani atakimbia milango ikifunguliwa awawahie kiwanja cha kambi kule kwenye uzio wa magharibi? Wewe na goti lako?"

Mtu mmoja akacheka. Si kitu kibaya kucheka, lakini aliyecheka alikuwa amelala kwa Maren wiki mbili nzima mwaka ule mkewe alipomfungia mlango. Maren akaliweka hilo moyoni.

Wakapiga kura kwa mikono. Waliounga mkono orodha ya Vibeke walikuwa wanane. Waliopinga wawili: Maren, na Ebbe aliyekaa kushoto kwake.

Ebbe hata hakusita. Fundi wa baiskeli, mpole, ndevu zake daima na harufu ya grisi, alinyoosha mkono juu kabisa na kuuacha hapo mpaka Jytte alipomaliza kuandika. Kisha akamsukumia Maren keki yake, nzima, bila neno. Maren aliona machozi yanamjia akayameza. Angalau mmoja, alijiambia. Angalau nina mmoja.

"Orodha imepita," Jytte akasema. "Itumwe."

Vibeke akafungua kompyuta yake kwa madaha, akabonyeza mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu. Uso wake ukabadilika.

"Inasema mimi si kiongozi aliyesajiliwa."

"Kwani ulijisajili?" Jytte akauliza.

Vibeke, aliyekuwa na kifungu cha kila mtu, alichaguliwa mwenyekiti miaka miwili nyuma na hakuwahi kujaza fomu ya ukurasa mmoja ya kusema hivyo. Alizijua nafasi za kambi kwa sababu mkuu wa banda la soseji alimpigia simu. Lakini barua rasmi, na fomu ya majina, vilikwenda kwa kiongozi anayetambuliwa na tamasha.

"Anayetambuliwa ni nani?" Gorm akauliza.

Vichwa vyote vikageuka upande mmoja.

Maren akatoa simu. Akafungua lile sanduku la barua rasmi za simuni ambalo halmashauri, benki, daktari wa meno na kila mwenye kukutafuta kwa ubaya hulitumia, na ambalo kwa sababu hiyo hiyo yeye hulifungua mara moja kwa msimu. Barua arobaini na moja hazijasomwa. Ya kumi kutoka juu ilitoka ofisi ya watu wa zamu. Ilikuwa na wiki tatu.

"Mwisho wa kuthibitisha," akasoma, "ni leo, saa kumi na mbili jioni."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na dakika thelathini na nane.

Nitakuwa mkweli kwenu: Maren alifurahi. Alifurahi furaha mbaya, ile ya tumboni. Kwenye simu yake kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa Thibitisha. Cha pili, chekundu, kiliandikwa Ondoa Kambi, na chini yake kwa herufi ndogo kwamba ukikibonyeza nafasi zote zinakwenda kwa kikundi kingine na hakuna kurudi nyuma. Kwa dakika hiyo alikitamani kile chekundu kama mtu mwenye kiu.

"Shoga yangu," Vibeke akasema. Neno hilo hakuwa amelitumia kwa miaka miwili. "Kura imepigwa. Wewe kazi yako ni kubonyeza tu."

"Kifungu gani kinasema hivyo?"

Vibeke akafungua jalada, akafunua, akafunua tena. Hakikuwepo.

"Basi nitaandika majina ninayoyataka," Maren akasema. "Gorm nje. Mimi ndani. Ufunguo wangu uweke mezani, Gorm, ukimaliza kucheka."

Gorm alikuwa ameshaacha kucheka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akautupa juu ya meza ukaangukia kwenye bakuli la sukari. Hakuna aliyeutoa.

Maren akafuta jina la Gorm na kuandika lake. Simu ikafikiri kidogo. Halafu ikatoa mstari mwekundu.

Aliusoma kimya. Akaurudia. Kisha akaisoma barua yenyewe kuanzia juu, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

"Soma kwa sauti," Jytte akasema. "Kila kinachosomwa kikaoni kinasomwa kwa sauti."

"Kambi yenu," Maren akasoma, na sauti yake ilikuwa ndogo, "imepunguziwa nafasi moja kwa sababu mfanyakazi wenu mmoja hakutokea zamu ya Ijumaa jioni, wala hakutoa taarifa. Mfanyakazi huyo hataruhusiwa mwaka huu. Jina: Maren Kjær."

Huo ulikuwa mlipuko. Watu wote wakasema kwa pamoja, bila kunyoosha mikono, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kambi ile. Kwa hiyo ni yeye. Ni yeye aliyetupotezea nafasi ya saba. Na alikuwa amekaa hapa anatulilia.

"Mwizi wa zamu," Vibeke akasema. Alilisema polepole, kwa raha. Kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimchukulia mume. Ukitoroka zamu uliyoandikiwa jina hakuna wa kukusamehe. "Miaka kumi na mitano unatuhubiria umoja. Na wenzio wakikaanga soseji, wewe uko kwenye muziki."

"Mimi nilifanya zamu zangu nne."

"Barua inasema tatu."

"Nne." Maren akavuta mkono wa sweta. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na kovu la kuungua, refu kama kidole, bado jekundu. "Mafuta ya karai. Jumamosi, saa mbili usiku. Mkuu wa banda mwenyewe ndiye aliyenifunga bandeji."

"Jumamosi?" Jytte akainua kalamu. "Jumamosi kwenye ratiba hukuwa wewe. Ninayo hapa. Jumamosi alikuwa Ebbe."

Maren akainama kuitazama ratiba.

Sasa akakumbuka. Jumamosi ile ndiyo ilipiga bendi aliyoisubiri miaka tisa, na yeye aliisikia kutoka nyuma ya karai, kwa sababu Alhamisi Ebbe alimjia kambini na uso wa mtoto anayeomba ruhusa. Nipe Ijumaa yako, alimwambia, chukua Jumamosi yangu, hata mimi hiyo bendi naipenda. Na Maren akakubali. Walipeana mikono. Walibadilishana na vitambulisho vya shingoni ili wasimsumbue mkuu wa banda. Hawakuandika popote. Nani kwetu anaandika? Mtu akisema atafanya, huwa amefanya.

Kwa hiyo Jumamosi Maren aliungua mkono akiwa na jina la Ebbe kifuani. Na Ijumaa mtu mwenye jina la Maren hakuonekana.

Akageuka kushoto, polepole. Ile keki ya mdalasini ilikuwa bado mbele yake.

"Ebbe," akasema. "Ulikwenda?"

Ebbe aliangalia mikono yake. Ilikuwa mikubwa, misafi siku hiyo.

"Ebbe, nakuuliza wewe. Ulikwenda zamu yangu?"

"Nilidhani hawakuhesabu," Ebbe akasema.

Vibeke, wanane wale, Gorm na ufunguo wake, vyote Maren angeweza kuvibeba. Hiki hakukibeba. Aliikamata ile keki akairudisha kwenye sahani ya Ebbe kwa nguvu hadi sahani ikapasuka.

"Umenyoosha mkono," akamwambia. "Umeninyooshea mkono mbele ya watu, na unajua."

"Ndiyo maana nilinyoosha, Maren."

"Saa," Jytte akasema. "Ni kumi na moja na dakika hamsini."

Akachukua simu kutoka mkononi mwa Maren, akaishikilia mbali na macho yake, akasoma mpaka mwisho wa barua, pale ambapo hakuna mtu mwingine anayefika. Iliandikwa kwamba kama kuna kosa la jina, aliyekosa zamu kwa kweli aandike kwa mkono wake, aseme alikuwa wapi na kwa nini, aweke sahihi, karatasi ipigwe picha na kutumwa kabla ya muda kwisha. Hapo kosa lingehamia kwake. Maren angeruhusiwa tena, na Ebbe, aliyekuwemo orodhani, angetoka.

Akairudisha simu mezani mbele ya Maren. Akachana ukurasa safi kutoka kwenye daftari la kumbukumbu, akauweka mbele ya Ebbe pamoja na kalamu.

"Unaandika, na mimi nasoma kwa sauti," akasema. "Ndiyo utaratibu."

Ebbe akaichukua kalamu. Inabidi nimpe haki yake: aliichukua mara moja.

"Mimi, Ebbe Rosendal," Jytte akasoma nyuma ya bega lake, "sikwenda zamu ya Ijumaa, ambayo nilikuwa nimeichukua kwa Maren Kjær. Nilitoka kwenda. Mvua ikaanza. Nikarudi kambini kuchukua koti."

Kalamu ikasimama.

"Koti halichukui saa nane," Jytte akasema.

"Nikakaa," Jytte akasoma tena, kalamu ilipoanza kusogea. "Nikakaa ndani ya hema kubwa la kijani mpaka alfajiri."

Watu wote, hata wasiotaka, walilitazama hema pale sakafuni. Gorm alikuwa ameliwekea mguu juu, kama mtu anayepigwa picha na mnyama aliyemuua. Alikuwa amekunja paji la uso. Alikuwa anakumbuka kitu, na kwa Gorm kukumbuka huwa ni kazi ya mwili mzima.

"Ijumaa," akasema. "Ijumaa sote tulikuwa jukwaa kubwa. Kambini hakukuwa na mtu."

Akakuna kidevu.

"Ila Vibeke," Gorm akasema. "Vibeke alikuwa anaumwa kichwa. Nilimlaza mwenyewe. Kwenye hema kubwa, kwa sababu letu lilikuwa linavuja." Akageukia meza. "Nilimwekea taulo la maji kwenye paji la uso."

Mguu wake ukashuka kutoka kwenye turubai.

Saa ilikuwa kumi na moja na dakika hamsini na sita. Jytte, ambaye hakuwa na upande, akagonga karatasi kwa kidole.

"Bado hatujaandika kwa nini," akasema. "Wanataka sababu. Ebbe, ulikaa kwa nini?"

Ebbe alinyanyua uso, na hakumtazama Maren wala Gorm. Maren akayafuata macho yake yalikokwenda, na kwa sababu aliyafuata hakuuona mkono uliopita juu ya meza.

Vibeke aliinyakua simu, akaruka nyuma mpaka ukutani, kiti kikaanguka. Jalada la katiba likamwagika chini, kurasa zote, wino wa zambarau kila mahali. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kitufe chekundu.

"Akiandika neno moja zaidi," akasema, "nabonyeza. Hakuna wa kwenda. Si Maren, si mimi, si mtu yeyote hapa. Ichane hiyo karatasi, Ebbe."

Watu tisa walikaa na majira yao ya kiangazi yamelala chini ya kidole kile. Mmoja akanong'ona, mchanie tu, Ebbe. Mwingine akasema ndiyo, chana, Maren tutamchangia. Ebbe alitazama kalamu. Maren hakumwomba. Alikuwa amemwomba mtu mara ya mwisho miaka miwili iliyopita, na mtu huyo sasa alikuwa amesimama pale karibu na hema.

Na ni huyo aliyesema.

"Vibeke," Gorm akasema, kwa upole ambao Maren aliujua, na uliomwogopesha. "Ebbe hajaandika jina la mtu. Mbona wewe umeshajibu?"

Ebbe akainama juu ya karatasi na kuanza kuandika.

Kidole cha Vibeke kikashuka.